Maneno Yaendayo Mbali: Siasa za Meru Tangu Barua Hata Simu ya Mkononi

Wenzako wenye redio wamelisikia somo hili jioni. Wewe unalisoma katika karatasi, na labda unafuata mstari kwa kidole, neno moja baada ya jingine. Usione haya. Kusoma polepole kuna faida yake, nami nitakueleza faida hiyo kabla hatujaachana.

Juma hili twasoma historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya maneno. Twataka kujua jinsi watu wa Arusha na wa miteremko ya Mlima Meru walivyoyapeleka maneno yao mbali kila walipokuwa na jambo la siasa. Leo mtu wa Usa River akitaka kumuunga mkono diwani, au kumpinga, hutoa simu mfukoni. Huandika, hupiga picha, hubonyeza, na kabla chai yake haijapoa maneno yake yamefika Mwanza na Muscat. Wengi wetu twadhani kwamba jambo hilo ni geni kabisa. Chombo ndicho kigeni. Kazi yenyewe wazee wetu waliifanya tangu mwaka 1951 kwa kalamu, karatasi na nauli ya kuchanga. Basi na tuanze kwao, kisha turudi kwenye simu.

Upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru pana mahali paitwapo Ngarenanyuki. Leo ni kata katika Wilaya ya Meru, na watu wa mjini wanaijua kwa nyanya zake. Wakati wa utawala wa Waingereza, Wameru walikuwa wakiishi huko, wakilima na kuchunga ng'ombe, huku mashamba ya walowezi wa Kizungu yamewazunguka. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia serikali ya kikoloni ilitaka kuyapanga upya mashamba hayo. Jaji Mark Wilson alipewa kazi ya kuchunguza habari za ardhi ya Arusha na Moshi, na taarifa yake ilitoka mwaka 1947. Shauri lililotokana nayo lilikuwa hili: Wameru wa Ngarenanyuki wahamie Kingori, ili nchi ile yote iwe ya walowezi bila kuchanganyika.

Wameru walikataa. Waliambiwa watapewa fidia, wakaikataa fidia pia. Tarehe 17 Novemba 1951 askari walianza kuwahamisha kwa nguvu. Nyumba zilichomwa moto. Watu wapatao 3,000 waliondolewa katika makao yao, wake kwa waume, watoto kwa wazee.

Hebu jiweke mahali pao, ndugu msomaji. Ungefanya nini? Mikuki ilikuwako, lakini wazee walikuwa wanakumbuka mwaka 1896 na adhabu kali waliyoipata kutoka kwa Wajerumani. Kwenda kwa Bwana Shauri kulikuwa sawa na kumshtaki mtu mbele yake mwenyewe. Basi walichagua njia ya tatu, nayo ilitaka watu wanaojua kusoma. Tanganyika wakati ule haikuwa koloni kamili. Ilikuwa nchi iliyo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Waingereza wakiwa wasimamizi tu. Na katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa mlikuwa na neno dogo ambalo wakulima wengi hawakulijua: mwenyeji wa nchi ya udhamini anaweza kuandika maombi, nayo yatapokelewa na kusomwa huko New York.

Neno hilo ndilo waliloshika. Chama chao, kilichojulikana kwa jina la Meru Citizens' Union, kilifanya kazi na wakili mmoja aliyekuwa Moshi, Earle Seaton, mtu mweusi aliyezaliwa Bermuda. Watu walikutana, wakasemezana, wakachanga fedha. Wakamchagua Kirilo Japhet, mwana wa Meru, aende akaseme kwa niaba yao. Mwaka 1952 Kirilo na Seaton walisimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York, wakaeleza habari za nyumba zilizochomwa katika nchi ambayo wajumbe wengi waliokuwa wakisikiliza hawakuweza kuionyesha katika ramani.

Je, walishinda? Kwa hesabu ya kura, hapana. Mwishoni mwa mwaka 1952 azimio la kuwapendelea Wameru lilishindwa kupata theluthi mbili za kura katika Mkutano Mkuu. Lakini angalia yaliyofuata. Kirilo alirudi mwaka 1953, akazunguka sehemu mbalimbali za Tanganyika akiwaeleza watu aliyoyaona na aliyoyasema. Watu wa makabila mengine wakaona kwamba jambo la Meru ni lao pia. Tarehe 7 Julai 1954 TANU ilizaliwa Dar es Salaam, na mwaka 1955 Mwalimu Julius Nyerere naye alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini. Njia ile ilikwisha kukanyagwa na mkulima kutoka Meru.

Nimekaa sana katika habari hiyo kwa makusudi. Tazama mpangilio wake. Kwanza watu walikaa pamoja wakakubaliana. Kisha wakatoa fedha zao wenyewe, na mtu akitoa shilingi yake huuliza maswali. Kisha wakamtaja mtu mmoja kwa jina lake, wakasema huyu ndiye msemaji wetu. Mwisho kabisa ndipo maneno yalipopanda ndege. Kila aliyeyasikia New York alijua nani anasema, anasema kwa niaba ya nani, na juu ya mahali gani. Waingereza waliweza kumbishia Kirilo, na walimbishia, lakini hawakuweza kusema kwamba hayuko.

Sasa twende mbele upesi. Baada ya Uhuru maneno ya siasa yalikwenda kwa njia ya redio, na redio ilikuwa ya serikali. Azimio la Arusha lilipitishwa hapa hapa mjini mwishoni mwa Januari 1967, likatangazwa tarehe 5 Februari. Mwaka 1970 yalianzishwa mafunzo ya redio yaitwayo Uchaguzi ni Wako. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza, wakajadiliana. Ninyi mnaosoma karatasi hii ni wajukuu wa vikundi vile. Yalikuwa mafunzo mazuri, lakini lazima niseme kweli: redio husema na wewe, wewe huwezi kuijibu. Tena chama kilikuwa kimoja. Mtu wa Tengeru aliyekuwa na neno lake la kusema alilisema sokoni, Jumatano au Jumamosi, na neno liliishia pale soko lilipoishia.

Vyama vingi vilirudi kisheria mwaka 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi ukawa mwaka 1995. Karibu na miaka hiyo simu za mkononi zilianza kuingia nchini, na baada yake intaneti. Neno "simu" lenyewe ni la zamani katika Kiswahili. Asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya uzi wa madini, yaani waya. Wazee waliposema "piga simu" walikuwa na maana ya kupeleka maneno kwa waya kutoka posta. Leo waya hatuuoni, lakini upo, na una mwenyewe. Shika neno hilo, maana tutalirudia.

Barua pepe ni barua iandikwayo kwa mashine na kufika papo hapo. Mjini Arusha wengi waliijua mara ya kwanza katika vibanda vya intaneti, walikolipa kwa dakika. Blogu ni kama ubao wa matangazo wa mtu mmoja. Huandika lo lote alipendalo, na dunia nzima yaweza kupita ikasoma. Miongoni mwa watu wa kwanza kuandika blogu kwa Kiswahili alikuwa Ndesanjo Macha, mwenyeji wa jirani zetu wa Kilimanjaro, katika blogu yake iliyoitwa Jikomboe. Mwaka 2006 ukaanzishwa uwanja wa majadiliano ulioitwa Jambo Forums, ambao baadaye ulijulikana kwa jina la JamiiForums. Humo watu waliandika kwa majina ya kubuni, wakazungumza habari za siasa kwa uhuru ambao magazeti hayakuwa nao. Kisha zikaja Facebook, Twitter na WhatsApp, ambazo kwa pamoja twaziita mitandao ya kijamii. Tofauti yake na redio ni hii: kila asikilizaye aweza pia kusema.

Wanasiasa walielewa upesi. Huko Marekani mwaka 2008 Barack Obama aliwafikia mamilioni ya watu kwa barua pepe na mitandao, akaomba michango midogo midogo kutoka kwa watu wa kawaida. Nikiisoma habari hiyo huwakumbuka Wameru na michango yao ya nauli. Hapa kwetu mwaka 2010, Godbless Lema wa CHADEMA alichaguliwa kuwa mbunge wa Arusha Mjini akimshinda Dakta Batilda Burian wa CCM. Kampeni yenyewe ilikuwa ya mikutano, vipaza sauti na pikipiki, lakini vijana walikuwa na simu mikononi, na habari za Arusha zilianza kusomwa nchi nzima siku ile ile zilipotokea. Tarehe 5 Januari 2011 palikuwa na maandamano mjini juu ya uchaguzi wa meya. Polisi walipiga risasi, na watu 3 wakafa. Zamani habari kama hiyo ingengoja gazeti la kesho kutwa. Safari hii ilienea kabla jua halijatua.

Mwaka uliofuata mambo yalifika mlimani. Mbunge wa Arumeru Mashariki, Jeremiah Sumari, alifariki Januari 2012, na uchaguzi mdogo ukafanyika tarehe 1 Aprili. Joshua Nassari wa CHADEMA, kijana wa miaka ishirini na kitu, alishindana na Sioi Sumari wa CCM, mtoto wa marehemu, naye Nassari akashinda. Jambo kubwa katika kampeni lilikuwa lipi? Ardhi! Miaka 60 baada ya Ngarenanyuki, watu wa Meru walikuwa bado wanauliza kwa nini mashamba makubwa yako bondeni na wao wamesongamana mlimani. Lakini safari hii hawakuhitaji kumtafuta wakili wala nauli ya New York. Watu waliokuwa Dar es Salaam, na Watanzania walio Ulaya na Marekani, waliufuata uchaguzi wa jimbo moja la mashambani siku kwa siku katika JamiiForums na Facebook, wakabishana usiku kucha kana kwamba wote wana kadi ya kupigia kura Leganga.

Nami nitasema nionavyo. Kelele nyingi za mitandaoni hazikutoka kwa wapiga kura. Mama wa Ngarenanyuki mwenye simu ndogo ya kitochi hakuwa katika mabishano yale. Kura yake ilitafutwa kwa miguu, nyumba hata nyumba, na kwa gari la matangazo. Mtandao uliifanya Arumeru isikike Tanzania nzima, lakini sanduku la kura lilijazwa na watu waliotembelewa. Mgombea asahauye jambo hilo hupata sifa nyingi katika simu na kura chache katika sanduku.

Tangu hapo pakaja zamu ya wenye waya. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao, ikaanza kutumika tarehe 1 Septemba mwaka huo, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu. Kifungu chake cha 16, kama kilivyotungwa, kilisema kwamba mtu atoaye habari za uongo kwa kompyuta au simu, akijua kuwa ni za uongo na kwa nia ya kudhuru au kupotosha, aweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kufungwa miaka isiyopungua 3, au vyote viwili. Ulikuwa mzigo mkubwa kwa maneno ya mistari miwili. Wala halikuwa jambo la mbali. Mwezi Juni 2016, katika mahakama ya hapa Arusha, mtu mmoja alihukumiwa kulipa shilingi milioni 7 au kwenda jela miaka 3 kwa maneno aliyoyaandika katika Facebook juu ya Rais. Jina lake sitalitaja, maana si mwanasiasa. Alikuwa mtu wa kawaida mwenye simu, kama mimi na wewe. Mwezi Desemba mwaka ule ule Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa, na sababu mojawapo ni kwamba hakutaka kuwapa polisi habari za watu walioandika katika uwanja wake.

Katika mwaka huo huo wa 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa. Zuio hilo lilikaa mpaka tarehe 3 Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa. Fikiri maana yake. Kwa zaidi ya miaka 6, isipokuwa wakati wa kampeni za uchaguzi, chama cha upinzani hakikuweza kusimama kwa uhuru uwanjani kikapiga kipaza sauti. Basi maneno yote yaliyokuwa yakisemwa uwanjani yalihamia katika simu, na wakati huo huo simu nayo ikawekewa masharti. Mwaka 2018 zilitoka kanuni zilizomtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama zake zilipita shilingi milioni 2. Baadhi ya waandishi wa blogu waliacha kuandika. Kanuni hizo zilirekebishwa baadaye. Kisha ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, uliofika kilele Januari 2020. Tangu hapo kila laini ina jina na kidole cha mwenyewe. Wako waliokuwa wakidhani kwamba wakijiita "Simba wa Meru" katika mtandao hakuna awajuaye. Waya unawajua.

Siku chache kabla ya uchaguzi wa Oktoba 2020, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza kampuni za simu zisimamishe kwa muda ujumbe mfupi wa kutumwa kwa watu wengi kwa pamoja. Twitter nayo ikawa haifunguki kwa njia ya kawaida. Mwaka 2025 ilikuwa zaidi. Mtandao wa X, yaani ile iliyokuwa Twitter, ulifungiwa mwezi Mei. JamiiForums ilisimamishwa kwa siku 90 mwezi Septemba. Na tarehe 29 Oktoba, siku yenyewe ya uchaguzi mkuu, ambao CHADEMA haikuruhusiwa kushiriki, intaneti ilikatwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Palikuwa na maandamano katika miji mingi, Arusha ikiwamo, na watu waliuawa. Katika siku hizo ilionekana wazi ni vijiji na mitaa gani watu wake walikuwa bado wanajuana bila simu. Palipokuwa na jirani wa kugongewa mlango, habari zilipita. Palipokuwa na kundi la WhatsApp tu, palikuwa kimya.

Hapo ndipo ninapowafikiria tena watu wa mwaka 1951. Posta na waya vilikuwa mikononi mwa serikali ile ile iliyochoma nyumba zao. Lakini maneno yao hayakukaa katika waya peke yake. Yalikaa kwa watu waliokutana, katika orodha ya waliochanga, na katika kichwa cha Kirilo. Hata barua moja ingalipotea njiani, jambo lenyewe lisingalipotea.

Sasa nikuambie kisa changu mwenyewe, nacho si cha kujisifu. Mwaka 2015 wapiga kura walikuwa wakiandikishwa kwa mashine. Jioni moja nilipata ujumbe katika kundi la ukoo wetu: kituo cha shule kimefungwa, waliobaki waende ofisi ya kata. Mimi msomi, mwenye stashahada ya chuo kikuu, sikuuliza. Nikautuma mara moja kwa shangazi yangu akaaye juu ya Usa River. Shangazi alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa kama lenu. Asubuhi alijifunga kanga, akatembea saa mbili mpaka ofisi ya kata, akakuta mlango una kufuli. Aliporudi shuleni aliambiwa kituo hakikufungwa hata siku moja, ila kwa siku ile kazi imekwisha. Nilipokwenda kumwomba radhi hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, yule aliyesema ni nani?"

Sikuwa na jibu. Ujumbe haukuwa na jina, wala tarehe, wala jina la shule. Ulisema "kituo cha shule", na shule katika kata ile ni nyingi. Mimi niliusoma kwa sekunde mbili, nisione kwamba hauna kitu ndani yake. Tangu siku ile shangazi akiletewa ujumbe huushika kwa mikono miwili, akasoma neno kwa neno kwa sauti, na kila afikapo penye pengo husimama: siku gani? mahali gani? nani kasema? Huko ndiko kusoma polepole nilikokwambia mwanzo. Vijana wa nyumbani kwake humcheka, lakini sijasikia tena amepotezwa njia.

Kisa chetu kilikuwa kidogo, mtu mmoja na siku moja. Jirani zetu wa Kenya waliona kikubwa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ujumbe mfupi wa chuki ulipita kutoka simu hadi simu, kabila likichochewa juu ya kabila, bila jina la aliyeanza. Ghasia zile ziliua watu zaidi ya 1,000. Simu haikuwa chanzo cha ugomvi ule, ugomvi ulikuwa na mizizi yake ya ardhi na madaraka. Lakini simu iliupa miguu ya kukimbilia.

Waweza kuniuliza: basi yafaa tuziache siasa za simu? La, sisemi hivyo. Mgombea udiwani asiye na fedha za gari wala za kipaza sauti aweza leo kuwaeleza watu wa kata yake mpango wake kwa gharama ya bando la siku moja. Mwanakijiji aweza kupiga picha ya daraja lililobomoka Kikatiti, akaandika tarehe na jina la mahali, akamwuliza mbunge wake mbele ya watu wote. Mbunge akijibu, jibu linabaki limeandikwa, na miaka 5 baadaye atakapokuja kuomba kura tena mtu aweza kulitoa na kumsomea. Jambo hilo wazee wa Ngarenanyuki wangalilipenda sana. Wao ahadi nyingi walipewa kwa mdomo.

Tena lipo jambo moja ambalo watu wengi hawalitumii. Kwa kawaida kura zikisha kuhesabiwa, matokeo hubandikwa nje ya kituo. Ni karatasi yenye tarakimu, na ye yote ajuaye kusoma tarakimu aweza kusimama mbele yake. Kabla hujaamini matokeo yaliyopita katika simu, waweza kutembea mpaka kituoni kwako ukayasoma kwa macho yako. Kwa wengi wenu hii itakuwa mara ya kwanza kufanya hivyo bila kumwomba mtoto akusomee.

Basi hii ndiyo kazi ya darasa kwa juma hili. Mwalimu aandike ubaoni ujumbe ufuatao: "HABARI MPYA. Mkutano wa kijiji hautakuwako. Wakubwa wameamua. Mtumie kila unayempenda." Kila mmoja ausome kwa sauti, kisha darasa litafute ndani yake mahali, siku, na jina la mtu wa kuulizwa. Mkikosa, uandikeni upya katika madaftari yenu, kama vile ambavyo mngependa ujumbe huo ufike kwa shangazi yenu aliye mbali, ambaye akipotea atapoteza siku nzima. Weka jina la kijiji chako halisi, weka siku na saa, weka jina la mwenyekiti wenu. Chini kabisa, mahali pa aliyeandika, tia jina lako mwenyewe.